Bahari Haikuua Hata Mmoja

(Hotuba niliyoitoa jioni moja mbele ya kikundi cha akina mama wasomaji na wanafunzi, Tanga)

Mwenyekiti wetu, mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanangu mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, habari za jioni. Ahsanteni kwa kunialika.

Mwaliko ulisema nije kuzungumza juu ya mwanamke mmoja katika historia, nimchague mwenyewe. Nadhani wengi wenu mlitarajia mwanamke wa pwani yetu hii. Nimemchagua mtu ambaye hakuwahi kukanyaga huku. Aliitwa Mary Broad, na baada ya kuolewa akawa Mary Bryant. Alizaliwa mwaka 1765 katika mji wa Fowey, bandari ndogo ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mtu wa bahari. Baba yangu mimi alikuwa mvuvi wa Pangani, na labda ndiyo maana nilipomsoma Mary kwa mara ya kwanza sikuweza kumwacha. Nimekuwa naye miaka mingi. Nimewahi kuwafundisha wanafunzi wangu habari zake hata pale ambapo hazikuwa kwenye mtaala, na sijutii.

Kwa kawaida watu wakimtaja Mary Bryant husimulia safari yake ya mashua, na safari yenyewe kweli ni ya kustaajabisha, nitaifikia. Lakini naomba mnisikilize kwa jambo jingine pia. Kuna hesabu ndani ya maisha ya mama huyu, hesabu ya miaka na hesabu ya watu, na mimi leo nimekuja kuifanya mbele yenu.

Mwanzoni mwa mwaka 1786, Mary akiwa na umri wa miaka 20, yeye na wasichana wenzake wawili, Catherine Fryer na Mary Haydon, walimvamia mwanamke mmoja barabarani huko Plymouth. Aliitwa Agnes Lakeman. Wakamnyang'anya kofia yake ya hariri na vitu vingine alivyokuwa navyo. Mahakamani kofia ile ilithaminiwa peni 12, yaani shilingi moja ya Kiingereza ya wakati ule. Vitu vilivyobaki vilithaminiwa pauni 1 na shilingi 11.

Sikuja hapa kumtetea kwa kosa hilo. Agnes Lakeman naye alikuwa mtu, alikuwa akienda zake, na wasichana watatu wakamrukia. Wizi ni wizi. Lakini sikilizeni hukumu: Machi 1786, mahakama iliyoketi katika ngome ya Exeter iliamuru wote watatu wanyongwe.

Ndivyo sheria ya Uingereza ilivyokuwa siku zile. Makosa mengi mno yalibeba kamba, hata ya mali ndogo, na kwa sababu hakuna nchi inayoweza kuwanyonga maskini wake wote, majaji walikuwa na desturi ya kupunguza. Mary akapunguziwa. Badala ya kifo, akapewa miaka saba ya kupelekwa ng'ambo. Ikumbukeni hiyo saba, na mkumbuke ilianza kuhesabiwa Machi 1786. Nitairudia.

Ng'ambo ipi? Hapo ndipo serikali yenyewe ilipokuwa imekwama. Zamani wafungwa walipelekwa Marekani kufanya kazi katika mashamba. Marekani ikapigania uhuru wake, mlango ukafungwa, na magereza ya Uingereza yakafurika. Wakachukua meli kuukuu zisizofaa tena kusafiri, wakazitia nanga bandarini na kuzigeuza magereza ya juu ya maji. Mary akatiwa katika mojawapo, iliyoitwa Dunkirk, pale Plymouth, huku wakubwa London wakitafuta mahali pa kuwatupa watu hawa. Wakapapata: pwani ya mashariki ya Australia, upande wa pili wa dunia, ambako mabaharia wao walikuwa wamepita mara moja tu, mwaka 1770.

Meli 11 ziling'oa nanga Portsmouth tarehe 13 Mei 1787. Ndani yake mlikuwa na wafungwa zaidi ya 700, na wanawake kati yao walikaribia 200. Lilikuwa kundi la kwanza kabisa. Baada yao, hadi mwaka 1868, Uingereza iliwasafirisha Australia watu wapatao 162,000, na takriban 25,000 kati yao walikuwa wanawake.

Meli aliyopandishwa Mary iliitwa Charlotte. Daktari wa meli hiyo, John White, aliweka shajara, na katika tarehe 8 Septemba 1787, wakiwa wametoka Rio de Janeiro wanaelekea Rasi ya Tumaini Jema, aliandika kwamba Mary Broad amejifungua mtoto mzuri wa kike. Sasa, mama zangu, nyinyi mnajua kuhesabu miezi kuliko mimi. Tokeni Septemba, rudini nyuma tisa. Mnafika Desemba 1786. Desemba 1786 Mary alikuwa ndani ya Dunkirk, chini ya ulinzi, mchana na usiku. Mimba ile aliipatia kifungoni. Daktari hakusema zaidi ya hapo, na vitabu vingi vinapita haraka. Mimi naomba tusipite haraka. Mwanamke wa miaka 21, ndani ya gereza linaloelea, na wenye funguo ni wanaume.

Mtoto akapewa jina la meli, Charlotte.

Walifika mahali tunapopaita Sydney tarehe 26 Januari 1788. Wanawake walibakizwa melini hadi tarehe 6 Februari, na siku nne baadaye, tarehe 10, Mary akaolewa na William Bryant, mfungwa mwenzake wa Cornwall, mvuvi. Walifunga ndoa siku moja na wafungwa wengine kadhaa. Nchi ile ilikuwa na wenyewe, watu wa Gadigal na koo nyingine zilizoizunguka ghuba, ambao hawakuulizwa na mtu. Mwaka uliofuata, 1789, ndui iliwapukutisha vibaya sana.

Koloni ikaanza na njaa. Udongo ulikuwa mbaya, mbegu zilioza, na wakulima walikuwa wachache kati ya watu wa mjini. Meli ya shehena waliyoitegemea, Guardian, iligonga mlima wa barafu njiani mwishoni mwa mwaka 1789. Machi 1790 meli yao kubwa, Sirius, ikavunjika juu ya mwamba katika kisiwa cha Norfolk. Kufikia Aprili posho ya mtu mzima kwa wiki nzima ilikuwa ratili mbili na nusu za unga, ratili mbili za mchele na ratili mbili za nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi miaka kadhaa nyuma. Ofisa mmoja, Watkin Tench, ambaye alifika kwa meli ile ile ya Charlotte, aliandika kwamba hata ukialikwa chakula cha jioni kwa gavana ulitakiwa kwenda na mkate wako mfukoni. Mwezi huo huo wa Aprili 1790, Mary alimbatiza mtoto wake wa pili, Emanuel. Wanyonyeshao humu wanajua maana ya kunyonyesha tumbo likiwa tupu.

William alikuwa mtu wa thamani kubwa pale, kwani ndiye aliyejua kuvua. Gavana Arthur Phillip alimkabidhi mashua na nyavu, akampa na kibanda cha kuishi. Mwaka 1789 akakamatwa akiuza samaki kwa kificho. Wakamchapa viboko 100 na kumtoa kibandani pamoja na mke na mtoto, kisha wakamrudisha kwenye nyavu zile zile, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuwalisha.

Kuna jambo dogo kuhusu vifungo vyao ambalo mimi naona ni kubwa. Wafungwa wale walipopakiwa, nyaraka zinazoonyesha kila mtu amehukumiwa lini na kwa miaka mingapi hazikupakiwa. Gavana hakuwa nazo. Mtu akija kusema, "Mheshimiwa, muda wangu umekwisha," hapakuwa na karatasi ya kumjibu, akaambiwa arudi kazini asubiri meli. William alikuwa amehukumiwa Machi 1784, miaka saba. Kwa hesabu yake mwenyewe, Machi 1791 alikuwa mtu huru.

Ikaja meli ya Kiholanzi, Waaksamheyd, imekodiwa kuleta chakula kutoka Batavia, ambayo leo ni Jakarta. Kwa nahodha wake, Detmer Smit, William akapata kwa siri dira, ramani ya bahari, kwadranti ya kupimia jua, bunduki mbili kuukuu na mchele. Vitu hivyo vikafichwa chini ya mbao za sakafu ya kibanda walichokuwa wakiishi wakati huo. Nani aliyekuwa akikaa kibandani mchana kutwa na watoto wawili, akitembea juu ya mbao zile, wakipita walinzi na majirani? Tafakarini hilo mnaposikia kwamba William alipanga kutoroka.

Mwezi mmoja kabla ya kuondoka ulitokea mkasa ambao naupenda kuliko yote katika historia hii. Mashua ya uvuvi ilipinduliwa na upepo ndani ya bandari. Siku hiyo ilikuwa imembeba dada yake Bennelong, mwenyeji maarufu wa pale, pamoja na watoto watatu. Yule mwanamke akamweka mtoto mdogo mabegani, akaogelea naye hadi nchi kavu, na wote wakaokoka. Kisha wenyeji wakaingia majini, wakaokota makasia na kuivuta mashua hadi gatini. Serikali ikaitengeneza vizuri na kuipa mlingoti na tanga jipya. Na hiyo hiyo, iliyookolewa na wenye nchi na kufanyiwa matengenezo kwa gharama ya gavana, ndiyo Mary aliyopanda.

Usiku wa tarehe 28 Machi 1791 hapakuwa na mwezi. Mchana wake Waaksamheyd ilikuwa imeondoka, kwa hiyo bandarini hapakuwa na meli ya kuwafukuzia. Walikuwa watu 11: William, Mary, Charlotte wa miaka mitatu na nusu, Emanuel ambaye hajatimiza hata mwaka, na wanaume saba. Mmoja wao, William Morton, alijua kusoma nyota na ramani. Mwingine, James Martin, baadaye aliandika kumbukumbu za safari ile, na ndizo tunazozitegemea hadi leo.

Asubuhi walinzi walipofuata njia yao kuelekea majini walikuta msumeno wa mkono, mizani, na mchele uliomwagika huku na huku, ratili nne au tano hivi. Mchele! Katika mji ambao gavana anawaambia wageni waje na mkate wao. Ndipo unapojua walivyokuwa wakikimbia, mmoja kabeba gunia gizani, mmoja kabeba mtoto, na hakuna aliyethubutu kuinama kuokota.

Sasa safari. Mashua ya makasia sita na tanga, isiyo na sitaha ya kujifichia mvua. Kutoka Sydney hadi Kupang, katika kisiwa cha Timor, kwa njia waliyopita ni zaidi ya kilomita 5,000. Tia tanga Mombasa uende Mumbai, utakuwa bado hujafika alikofika Mary. Ilichukua siku 69.

Niliwahi kuvuka kutoka Pangani kwenda Unguja kwa jahazi, mwanangu akiwa na miaka miwili. Usiku mmoja tu. Bahari ilichafuka baada ya saa sita, mawimbi yakawa yanaingia, na mabaharia wawili wakashika upo wakawa wanafua maji bila kupumzika. Nilimfunga mwanangu kifuani kwa kanga mbili. Hadi asubuhi kanga zilikuwa nzito kama mkeka uliolowa, ngozi ya mtoto imevimba kwa chumvi, na mikono yangu ilikuwa imekakamaa, sikuweza kuifungua. Baba yangu alipotupokea ilibidi aninyooshe vidole kimoja kimoja. Usiku mmoja. Safari ya Mary ilikuwa siku 69, na watoto wawili.

Mashua ilivuja tangu siku za mwanzo. Walipopata ufukwe waliivuta juu na kuziba nyufa kwa walichokuwa nacho, nta na utomvu, na vilipokwisha wakaziba kwa sabuni. Dhoruba zilipozidi walitosa nguo zao baharini ili mashua iwe nyepesi. Kuna mahali pengine wenyeji waliwafukuza, kwa haki yao, maana walikuwa wageni wenye bunduki. Walipofika kwenye visiwa vya mwamba mkubwa wa matumbawe walikuta kasa, wakala, wakakausha nyama na kuichukua njiani. Katika Ghuba ya Carpentaria mitumbwi mikubwa yenye matanga iliwakimbiza, nao wakageuza omo wakakata bahari kuu moja kwa moja.

James Martin hamtaji Mary sana. Lakini kuna mahali anaeleza siku za mvua na baridi, na anaandika kwamba mwanamke na watoto wadogo wawili walikuwa katika hali mbaya, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimelowa na moto haukuweza kuwaka. Basi. Hayo tu. Safari nzima ya mama mwenye kunyonyesha imo ndani ya mstari mmoja wa mwanamume aliyekuwa ameketi umbali wa hatua mbili kutoka kwake. Simlaumu, na yeye alikuwa akivuta kasia. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tarehe 5 Juni 1791 waliingia Kupang. Sasa, ndugu zangu, hesabu ya kwanza niliyowaahidi. Walitoka Sydney watu 11. Wangapi walifika Timor? Kumi na mmoja. Emanuel alifika, Charlotte alifika. Siku 69, mashua ya kuvuja, mama hana maji ya kutosha ya kutengenezea maziwa, na bahari haikuua hata mmoja.

Walijitambulisha kwa gavana wa Kiholanzi, Timotheus Wanjon, kuwa ni manusura wa meli iliyozama. Akawapa nguo, chakula na kazi. Miaka miwili tu kabla yao, Juni 1789, alikuwa amefika pale pale Kupang nahodha William Bligh, aliyetupwa katika mashua na mabaharia wake walioasi. Bligh aliporudi Uingereza alipokewa kama shujaa kwa safari yake ile. Bahari ilikuwa ni ile ile, na mashua ya Bligh haikuwa na mtoto hata mmoja ndani.

Baada ya miezi miwili hivi siri ikafichuka. Martin anasema William aligombana na mkewe, akaenda mwenyewe kujitaja, yeye, mke na watoto. Neno hilo linaniuma kila nikilisoma. Wakafungwa ngomeni. Mwezi Septemba akatokea kapteni wa Kiingereza, Edward Edwards, ambaye alikuwa ametumwa kuwasaka wale waasi wa Bligh na amepoteza meli yake, Pandora, juu ya mwamba wa matumbawe. Yeye mwenyewe aliingia Kupang kwa mashua, amechoka, amenusurika. Mngetarajia kwamba mtu aliyetoka kuokolewa na mashua angewaangalia kwa jicho jingine watu waliookolewa na mashua. Aliwatia pingu miguuni na kuwapakia kwenda Batavia.

Batavia ilikuwa maarufu kwa homa zake. Emanuel alifariki pale tarehe 1 Desemba 1791, akiwa na mwaka mmoja na miezi minane hivi. William alifuata tarehe 22 Desemba. Wiki tatu, mwana na mume. Mary akapakiwa tena, yeye na Charlotte na wanaume waliobaki, kuelekea Rasi ya Tumaini Jema. Njiani James Cox aliangukia baharini katika mlango wa Sunda, asionekane tena. Morton, yule aliyejua nyota, na Samuel Bird wakafa pia.

Cape Town walihamishiwa manowari ya Kiingereza, Gorgon. Na ndani ya Gorgon nani yumo? Watkin Tench, yule yule wa Charlotte, anarudi nyumbani baada ya kumaliza utumishi wake. Alimfahamu Mary tangu Plymouth. Aliandika kwamba hakuwahi kuwatazama watu hawa bila kuwahurumia na kuwastaajabia, kwamba walikuwa wamepigania uhuru kishujaa na wakashindwa baada ya kuyashinda yote njiani. Naye alikuwa mlinzi wao miaka minne nyuma, kwa hiyo maneno hayo nayapa uzito.

Ofisa mwingine, Ralph Clark, aliandika habari nyingine. Wakiwa katika joto la Atlantiki, tarehe 6 Mei 1792, anaandika kwamba mtoto wa Mary Broad, yule mfungwa aliyetoroka na mashua ya uvuvi, amefariki, na mwili umetoswa baharini. Hakumtaja mtoto kwa jina. Mimi nitamtaja: Charlotte. Alizaliwa melini katika Atlantiki ya kusini, akafa melini katika Atlantiki. Siku zake zote duniani, kuanzia pumzi ya kwanza, alikuwa mfungwa au mtoro, naye hakuwa ameiba kofia ya mtu.

Fanyeni hesabu tena. Waliofika Timor wakiwa hai ni 11. Waliofika Uingereza ni watano: Mary na wanaume wanne. Wale sita waliopungua, wote walipotea wakiwa mikononi mwa serikali, baada ya kukamatwa. Hili ndilo lililonifanya niwaombe mnisikilize jioni hii. Tumezoea kusimulia kwamba mama huyu aliwatia watoto wake hatarini alipowapakia mashuani usiku ule, na hata waandishi wanaompenda huandika hivyo kwa upole. Kumbe mashuani ndiko walikokuwa salama, mikononi mwake, na walimfia mikononi mwa watu waliokuja "kuwarejesha."

London walifikishwa mbele ya hakimu Nicholas Bond. Kutoroka kutoka uhamishoni kungeweza kuwarudisha kwenye kamba. Walisema ni afadhali kufa kuliko kurudishwa Australia. Watu wakajaa kuwasikiliza, michango ikakusanywa pale pale, na mahakama ikaamua wasinyongwe bali wakae katika gereza la Newgate wamalizie vifungo vyao. Magazeti yaliandika habari zao, na habari zikamfikia James Boswell, mwanasheria na mwandishi maarufu wa Uskoti. Boswell alikuwa na mambo yake mengi yasiyosifika, lakini kwa hili alisimama imara. Aliandika barua kwa waziri Henry Dundas, akafuatilia, akarudi tena na tena kwenye ofisi zile.

Msamaha wa mfalme ulitoka tarehe 2 Mei 1793.

Nimewaambia mkumbuke saba. Mary alihukumiwa Machi 1786. Machi 1793 miaka saba ilikuwa imetimia. Msamaha ulikuja Mei. Mfalme alimsamehe kifungo ambacho alikuwa amekwisha kukimaliza, kila siku yake, melini, kolonini, mashuani, ngomeni Kupang, Batavia na Newgate. Akaambiwa ashukuru. Wale wanaume wanne walisubiri hadi Novemba.

Boswell alimpangishia chumba London. Akapatikana dada yake, Dolly, aliyekuwa mpishi katika nyumba ya watu mjini humo, na ndugu hao wakakutana baada ya miaka yote ile. Mary hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo maneno yake tunayapata kupitia shajara ya Boswell. Aliahidiwa pauni 10 kwa mwaka. Boswell alifariki mwaka 1795, na familia yake haikuendelea kulipa.

Tarehe 12 Oktoba 1793 Boswell alimsindikiza hadi gatini Southwark apande meli ya kumrudisha Fowey. Alikaa naye kwa saa mbili hivi, kwanza jikoni, kisha barazani pa nyumba ya vinywaji ya pale gatini, akaagiza kinywaji, wakanywa pamoja na nahodha. Aliandika kwamba Mary alikuwa mnyonge, alisikitika kuachana naye, na alikuwa na hakika kwamba jamaa zake hawatampokea vizuri. Mama aliyevuka bahari mbili aliogopa mlango wa kwao.

Kabla hawajaachana alikuwa amempa Boswell zawadi. Kule Sydney kuna mmea unaotambaa ambao wafungwa walichemsha majani yake wakanywa badala ya chai, mtamu bila sukari, na walipotoroka walikuwa nayo mashuani. Mary alibaki na majani machache. Wamemfunga pingu, amepita Batavia ambako kila kitu kilimtoka, amepita Gorgon, amepita Newgate, na majani yale bado anayo. Boswell akayatia katika bahasha, akaandika juu yake kwamba ni majani ya Botany Bay, yaani ya kule koloni, yanayotumika kama chai. Mengine yako Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Machache yalirudishwa Sydney, yamehifadhiwa katika maktaba ya jimbo, makavu kabisa.

Siku ile anapanda meli pale gatini, Charlotte angekuwa ametimiza miaka sita mwezi mmoja uliopita. Emanuel angekuwa na mitatu na nusu, umri wa kubebwa mgongoni kwenye ngazi.